Wakili wetu kapendekezwa IPOA, tumuunge mkono vipi?

SWALI: Shikamoo shangazi. Kuna wakili mmoja ametufaa sana huku Likoni, mwanangu aliposhikwa usiku alikuja kituoni leso bado kajifunga, akasimama hapo kaunta mpaka akapewa nambari ya OB, kile kitabu cha matukio cha polisi, na hakuchukua hata shilingi. Sasa kapendekezwa bodi ya IPOA, ile ya kuchunguza polisi. Sisi wamama twaweza kusema kitu ama ni mambo ya wakubwa wa Nairobi?
Mama wa Likoni

JIBU: Marahaba mwanangu. Mwaweza, tena msichelewe. Rais hamuweki mtu hivi hivi, sheria ya IPOA ya 2011 yataka jina lipite Bunge la Kitaifa, na kabla kamati haijamhoji karani wa bunge hutoa tangazo gazetini watu walete maoni kwa maandishi, na siku zenyewe huwa chache. Andikeni wenyewe kwa Kiswahili, katiba yakitambua kuwa lugha rasmi ya bunge, msihangaike kutafuta mtu wa Kiingereza kigumu. Ila msiseme tu "ni mtu mzuri" mkaishia hapo, kila mtu huandikiwa hivyo! Elezeni usiku ule, tarehe, saa, nambari ya OB, ile leso pia iwekeni. Tangazo likitaka hati ya kiapo, nendeni mkatie sahihi mbele ya kamishna wa viapo. Mimi mtu kama huyo ndiye ningetaka pale, kaunta za polisi azijua. Na mbaki na kopi.