Yai kubwa kuliko aliyelitaga?

SWALI: Shikamoo Mjomba. Jana nafagia ua, kusogeza mtungi wa maji hivi nikakuta sisimizi kibao, kila mmoja kabeba kitu cheupe kama punje ya mchele anakimbia nacho, vingine vikubwa kumshinda yeye mwenyewe! Nyanya akasema ni mayai, wanahama kwa sababu mvua inakuja. Sasa mimi nauliza, yai linakuwaje kubwa kuliko aliyelitaga? Na nikimwaga mafuta taa ni sawa ama? – Msomaji, Kisauni

JIBU: Marahaba mwanangu. Hilo kosa tunalo wengi, hata mimi nimekua najua ni mayai. Ulivyoona si mayai, ni watoto tayari. Yai lenyewe la sisimizi ni dogo ajabu, kwa kawaida halifiki hata milimita 1, na yananatana yakawa bonge, wewe kwa macho utaona kama tone la maziwa tu. Anayetaga ni malkia, si hao uliowakuta wakikimbia, hao ni mabinti zake, kazi yao kulea.

Yai likianguliwa anatoka buu, hana miguu, ni kulishwa tu kutwa. Akishakua anatulia anakuwa pupa (na jina lisikuchekeshe, huyu hana pupa hata kidogo, hali kitu) miguu kaikunja kifuani anangoja siku ya kutoka sisimizi kamili. Mchele wako ndio hao, mabuu na pupa. Wale wakubwa kumshinda mbebaji pengine ni malkia wa kesho, wale wanaotoka na mbawa.

Na buu usimdharau! Ushaona wale sisimizi waitwao maji moto kwenye mwembe walivyoshona majani yakawa nyumba? Uzi si wao. Wengine wanayavuta majani mpaka yakutane, mwengine anamshika buu kwa meno, polepole, anamgusisha jani hili anampeleka jani lile, na buu anatoa hariri mdomoni, yaani kama fundi na tyubu yake ya gundi, anakwenda anarudi mpaka kitambaa cheupe kizibe. Ukienda kuchungulia usiguse tawi, wakikuuma usinitafute.

Nyanya hakukosea sana, maji yakiingia shimoni kweli wanawabeba watoto kuwapandisha juu, hata bila mvua wanawahamisha kufuata joto na unyevu unaowafaa. Lakini jana aliyewahamisha ni wewe na mtungi wako.

Mafuta taa hapana, karibu na maji ya kunywa utakunywa harufu wiki nzima. Uweke mtungi juu ya matofali, chini papigwe na jua na upepo pakauke, wao wenyewe watatafuta kwengine penye giza. Ila jikoni funika sukari.