Jibu: Vidonda vya upasuaji wa uzazi kutoa usaha

Pole na kazi, mkuu. Unauliza kwa nini akina mama waliojifungua kwa upasuaji wanarudi vidonda vikitoa usaha, ilhali mnawapa antibiotiki siku saba. Anza na saa ya dozi ya kwanza. Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri ichomwe kabla ya kisu, ndani ya dakika 120, na isiendelezwe baada ya operesheni. Nimekuta sehemu inachomwa wodini, mama ameshashonwa! Hapo imechelewa, hata mkiongeza siku. Kunyoa nywele za sehemu ya upasuaji kwa wembe acheni kabisa. Kisha otoklevu, mashine ya kuua vijidudu kwenye vifaa kwa mvuke: umeme ukikatika katikati, rudieni mzunguko wote, hata foleni iwe ndefu. Ni mdudu gani, siwezi kukuambia bila usaha kuoteshwa maabara.