Muulize Fundi: Karani wa joto na unyevu

Asalaam alaykum Fundi, shikamoo. Niko Malindi, Mji Mkongwe. Babu yetu alituachia makabati mawili ya vitabu vya dini, vingine vimeandikwa kwa mkono. Kila masika vinaota kuvu. Mdogo wangu aliyeko Uingereza kaniletea data loga ya joto na unyevu, ile ya kuchomeka kwenye kompyuta kama fleshi. Nimeichomeka, ikaniuliza maswali chungu nzima, nikaogopa, nikaifunga. Nikaiweka juu ya kabati hivyo hivyo. Mwezi umepita, nimeifungua haina hata herufi. Imekufa? (Mama wa Watatu, Malindi)

Wa alaykum salaam, marahaba mwanangu. Haijafa. Hujaiambia ianze.

Usijione mjinga. Mimi na mvi zangu hizi niliwahi kutundika kirekodi (ndiyo hiyo data loga yako) kwenye banda la mwani la shemeji yangu Jambiani, nikachagua kianze kwa kubonyezwa kitufe, kisha nikaondoka bila kukibonyeza. Masika nzima ikapita. Nilipokwenda kukichukua shemeji alikuwa kakifunika mfuko wa nailoni, "kisilowe." Kwa hiyo hata ningebonyeza ningepata unyevu wa mfuko.

Kifaa hiki kichukulie kama karani. Hasahihishi, hakumbushi. Anaandika ulichomwambia, kwa saa uliyompa, mahali ulipomkalisha. Ndiyo maana yale maswali uliyoyakimbia ndiyo kazi yenyewe. Kitakachobaki ni kusubiri.

Kabla hujakichomeka tena, tazama saa na tarehe ya kompyuta. Kirekodi hakina saa ya kwake ya kuaminika. Kinanakili ya kompyuta. Kisha kichomeke, ufungue programu. Kitakuuliza jina: usiandike "loga", andika kitu utakachokijua mwakani, kwa mfano "kabati la juu". Chagua nyuzi za Selsiasi, maana vingine hutoka kiwandani vikiwa na Farenhaiti, na utashtuka kuona chumba chako kina nyuzi 84 kumbe ni 29 za kawaida.

Swali linalowashinda wengi ni kila baada ya muda gani kipime. Watu hupenda dakika moja, kana kwamba kuvu linaota kwa dakika. Fanya hesabu. Vingi vya aina yako hubeba vipimo kama 16,000 (cha kwako kitazame kwenye karatasi yake). Kila dakika moja ni vipimo 1,440 kwa siku, kinajaa katika siku 11. Kila nusu saa ni vipimo 48 kwa siku, kinakaa siku 333. Kwa vitabu nusu saa inatosha kabisa, na utapata kaskazi, masika, kusi na vuli kwa mkupuo mmoja.

Kikijaa kifanye nini? Kuna "simama" na kuna "futa vya zamani uendelee". Wewe chagua kusimama. Mwanzo wa habari ndio hutaki upotee. Kengele ya unyevu usiiweke asilimia 60. Hapa Mji Mkongwe hewa ya nje yenyewe hupita 70 siku nyingi, taa itawaka usiku na mchana na betri itakwisha kabla ya Ramadhani. Weka 75, au izime kabisa. Mwisho, kianze lini: chagua hapo hapo, usimwige mzee wa Jambiani. Ukimaliza kitoe, ukiache nusu saa mezani. Kikiwa kimechomekwa hupata joto la kompyuta, kwa hiyo vipimo vya mwanzo usivihesabu.

Sasa kabla ya kukiamini, kipe mtihani. Chukua chumvi ya mezani, ile nyeupe ya paketi, kijiko kimoja kwenye kifuniko cha soda. Dondoshea maji mpaka ilowe kama uji mzito. Isiyeyuke yote, chembe lazima zionekane. Weka kifuniko na kirekodi ndani ya chupa pana ya achari iliyosafishwa vizuri, visigusane, funga kabisa, uache mpaka asubuhi. Hewa iliyo juu ya chumvi iliyolowa hivyo hutulia kwenye unyevu wa asilimia 75, kwa joto letu la hapa. Kirekodi kikisoma 73 au 77, kizuri. Kikisoma 82, andika kwenye kibandiko "toa 7" na utumie hivyo hivyo. Usitumie chumvi ya mashamba ya Pemba kwa jaribio hili. Kwa samaki haina mpinzani, lakini imechanganyika na chumvi nyingine za bahari zinazovuta maji, na itakudanganya.

Halafu mahali. Juu ya kabati hapafai: pale ni hewa ya dari, na vitabu haviko darini. Kitundike ndani ya kabati, kwa uzi, nyuma ya vitabu, upande wa ukuta, kisiguse ukuta wala mbao. Kama mdogo wako anaweza kukuletea cha pili, hicho kiweke katikati ya chumba, usawa wa kifua, mbali na feni na dirisha.

Kwa nini nyuma? Nyumba za Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe na chokaa. Ukuta huo hunywa maji kutoka ardhini na kwenye mvua, kisha huyapumua polepole, na mara nyingi huwa baridi kuliko chumba. Na ile asilimia unayoisoma haikuambii hewa ina maji kiasi gani. Inakuambia imekaribia kiasi gani kushiba, na hewa ikipoa hushiba upesi. Tuseme katikati ya chumba pana nyuzi 30 na unyevu 70. Hewa hiyo hiyo, bila kuongezewa tone, ikiteleza nyuma ya kabati penye nyuzi 26, inasoma 88. Kuvu hupata nafasi hewa ikishinda siku kadhaa juu ya 65 au 70; kwa 88 linafanya karamu. Ndiyo maana vitabu vyako, nahisi, vinaanza kuoza migongo iliyoelekea ukutani.

Kwa hiyo leo, kabla hata ya kirekodi, livute kabati litoke ukutani shubiri moja. Na kama kuna fundi aliyepiga plasta ya saruji chini ya ukuta huo, nijulishe, maana saruji huyafungia maji ndani ya mawe yapande juu, na hilo halitibiwi na kabati. Baada ya mwezi pakua jedwali, utazame saa ambazo unyevu unapanda. Ukipanda usiku, chumba kikipoa, ni habari ya ukuta na baridi. Ukipanda mchana madirisha yakiwa wazi baada ya mvua, ni wewe unayeikaribisha. Watu husema vitabu vinataka hewa. Vinataka hewa kavu. Ya Januari jua likiwaka ndiyo, ya Aprili hapana.

Fundi, nina duka la samaki wa friza Mkoani, Pemba. Nimeweka kirekodi ukutani nijue duka linapata joto kiasi gani. Mwezi wa Januari kinaniambia kila siku joto linafika kilele nyuzi 33 saa tisa usiku. Mchana ndiyo linapoa! Jirani kasema duka lina wenyewe. Kompyuta niliyotumia ni ya mtumba kutoka Marekani. (Muuza Samaki)

Mwambie jirani akuachie duka lako. Wenyewe wako California.

Kompyuta yako bado inafuata majira ya pwani ya magharibi ya Marekani, ambayo mwezi wa Januari iko nyuma yetu kwa saa 11. Joto letu huwa kali mnamo saa nane mchana. Rudi nyuma saa 11 kutoka hapo: saa tisa usiku. Ndiyo hiyo hiyo.

Nenda kwenye mipangilio ya saa, tafuta orodha ya miji, chagua Nairobi. Kisha pakua vipimo vya zamani uvihifadhi kabla ya kukianzisha upya kirekodi, maana ukibonyeza kuanza upya vinafutika. Usivitupe, joto lililopimwa ni la kweli, saa tu ndiyo imekosewa. Kwenye jedwali ongeza saa 11 kwenye safu nzima, vitakaa sawa.

Na kwa kuwa wengi wananiuliza: kompyuta haijui saa za Kiswahili. Ikiandika 13:00 toa sita, ni saa saba mchana. Ikiandika 20:00 toa sita, toa tena kumi na mbili, saa mbili usiku. Alfajiri jumlisha sita, 03:00 ni saa tisa. Angalia na tarehe pia: programu za Kimarekani hutanguliza mwezi, kwa hiyo 03/04 ni tarehe 4 Machi, siyo 3 Aprili. Nimeona watu wakigombana kwa jambo hilo.

Nina ghala dogo la karafuu Wete. Kirekodi nikitundike ghalani au nikizike ndani ya gunia? (Mkulima)

Kizike, lakini kwanza kitie kwenye kimfuko cha kitambaa cha pamba. Mafuta ya karafuu hupanda kama mvuke, na mvuke huo unaweza kukitia ulevi kipimo cha unyevu kikaanza kusoma kombo. Kwa hiyo usikiache humo msimu mzima. Siku mbili, kitoe kipumue, kisha gunia jingine. Mtihani wa chumvi kifanyie kila baada ya magunia machache.

Ghalani kitakuambia hewa ya Wete, ambayo unaijua. Ndani ya gunia hewa ni kidogo na karafuu ni nyingi, kwa hiyo baada ya siku moja hewa ile hufuata ukavu wa karafuu. Ikitulia chini ya 65, shona gunia. Ikikaa 70 na zaidi, hata kama kikonyo kinakatika "ta!" mkononi, katikati ya gunia kuna zilizoanikwa jua la mawingu. Mimina yote jamvini, zipe jua siku moja au mbili, pima tena. Na andika tarehe ya kupima kwenye gunia lenyewe kwa wino usiofutika; nimeona ghala zima likipimwa vizuri, kisha hakuna aliyekumbuka gunia lipi ni lipi.