Jibu: Honda ya cc 49 uliyoikuta stoo

Mkuu, umeuliza kama hiyo pikipiki ndogo ya Honda ya cc 49 ni modeli ya C100 au C50, na ina thamani gani. Tafadhali usiipige msasa kwanza! Futa uchafu kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, usome namba ya injini. Ikianza na C100E, hicho ni kizazi cha kwanza kilichoanza 1958, chenye vijiti vya kusukuma valvu; C50E ilikuja 1966, kemshafti (mhimili unaofungua valvu) ikiwa juu. Bei inategemea sana ukamilifu wake. Injini iliyokwama hufunguliwa ikapona, ila ngao za miguu na ekzosi za asili kuzipata ni kazi kweli. Linganisha na bei zilizolipwa, siyo wanazotaja wauzaji. Rangi ya kiwandani kama bado ipo, iache.