Mjomba wako hakufa vitani

Mwanangu,

Marahaba. Umeniuliza kama ni haki kumtaja mjomba wako Siku ya Mashujaa, 25 Julai, ilhali alikufa ajalini na vita hakuviona. Mwenzako kazini kakwambia mashujaa ni wale wa Kagera, waliopigana na majeshi ya Idi Amin wa Uganda 1978 na 1979.

Mjomba wako alikuwa dereva wa jeshi letu, JWTZ. Mwezi wa pili, mvua zimekolea, alitumwa kupeleka chakula na mahema upande wa Kondoa. Barabara ya Dodoma hadi Babati ilikuwa tope tupu. Wewe umeizoea ya lami, iliyozinduliwa 2018. Makorongo ya huku unayajua. Kiangazi chote ni mchanga, akina mama wanafukua humo kutafuta maji. Kisha mvua inanyesha huko milimani, wewe ulipo jua linawaka, na maji yanashuka kwa mkupuo yakikokota miti. Lori lilikuwa katikati ya korongo. Askari waliokuwa nyuma waliruka, wakapona. Yeye alikuwa kwenye usukani.

Wapo ndugu zetu wanaosimulia kwamba aliwaokoa wenzake kwanza ndipo akazama. Nakuomba usiirudie hadithi hiyo. Waliopona walikuja msibani, wakatueleza wenyewe: hata mlango hakuwahi kuufungua. Inaniuma watu wanapomwongezea, kana kwamba alivyokuwa hakutoshi. Alipewa amri alfajiri, akakagua matairi, akaondoka. Hao wa Kagera nao walikula unga uliopelekwa na mtu, mwanangu, na mtu huyo alikuwa dereva kama yeye.

Jeneza lake lilifika kijijini limefunikwa bendera ya taifa, kofia yake juu. Wenzake walipiga risasi hewani kama wanavyomzika askari yeyote. Jeshi lenyewe halikumpunguzia heshima. Sisi wa damu yake tutampunguzia kwa lipi?

Kwa hiyo mtaje. Siku hiyo Rais anapoweka mkuki na ngao kwenye mnara wa mashujaa, mimi humtaja kimoyomoyo. Wewe mtaje kwa sauti, na huyo mwenzako akiuliza, mweleze habari za korongo kama nilivyokueleza, bila kuongeza neno.

Ukija Dodoma, anzia Mvumi kwa bibi yako kabla ya kufika kwangu. Muulize mwanawe alikuwa mtu wa namna gani. Watu wamezoea kumuuliza alivyokufa tu.

Mama yako