Gitaa Lichague kwa Mkono Wako na kwa Hewa ya Dar

Magomeni, Dar es Salaam

Mwanangu Mwajuma,

Marahaba, mama. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza hadi mwisho, na kwa kuwa jambo lenyewe ni refu nimeona nikuandikie. Umeniuliza mambo mawili. Kwanza, je, ni sawa mtu wa miaka 48 aliyejifunza gitaa ukubwani atoe mamilioni kununua gitaa kavu, lile lisilotumia umeme, la hali ya juu? Pili, kama ni sawa, uchukue lile Martin D-28 unalolitamani, au dogo kidogo ambalo muuzaji amekutajia?

La kwanza silizungushi: nunua. Ada za watoto umezimaliza, deni la kiwanja umelimaliza, na fedha ni ya jasho lako. Nina sababu yangu nyingine, ambayo huenda hujawahi kunisikia nikiisema. Enzi zetu za dansi mwanamuziki hakuwa na gitaa. Vyombo vilikuwa vya mwajiri. NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, Polisi walikuwa na bendi yao, JKT yao, Vijana Jazz ilikuwa ya umoja wa vijana. Unaajiriwa, unakabidhiwa gitaa, mnazoeana, na siku unayohama bendi unalirudisha stoo unasaini daftari. Hivyo ndivyo lilivyoondoka mikononi mwangu gitaa la rhythm nililolipiga ujana wangu wote. Niliomba kulinunua, nikakataliwa. Iliniuma, na mpaka leo inaniuma. Mtoto wangu akiniambia anataka gitaa lake mwenyewe, lenye sauti nzuri, siwezi kumwambia asubiri kiinua mgongo. Viungo vya vidole havisubiri.

Tuje kwenye la pili. D-28 ni gitaa la heshima, wala silishushi hadhi. Lakini ujue umbo lile lilizaliwa kwa kazi gani. Martin, kiwanda kilichoanza mwaka 1833 na sasa kiko Nazareth, Pennsylvania, walilitengeneza kwanza mwaka 1916 kwa ajili ya duka moja la muziki, wakalipa jina la manowari ya Kiingereza, Dreadnought, kwa ukubwa wake. Baadaye lilipendwa na waimbaji waliohitaji gitaa linalosikika chini ya sauti zao na katikati ya fidla na banjo, kabla ya vipaza sauti kuenea. Tumbo lake lina upana wa milimita 397 na kina cha milimita 124. Hilo ni boksi la kucharaza kwa nguvu mbele ya watu.

Wewe unapiga kwa vidole, sebuleni, usiku. Na katika ujumbe wako umepitisha neno moja haraka haraka, mimi nikalishika: kwamba bega la kulia linakuuma ukipiga nusu saa. Bega hilo ndilo litakalokuamulia gitaa, kabla ya jina na kabla ya mbao. Ukilipakata Dreadnought, mkono wa kulia unapanda juu ya boksi nene na bega linainuka nao. Ukiwa kijana mwili unavumilia. Katika umri wako utaanza kwa kupunguza dakika, kisha utapunguza siku, na mwisho gitaa la mamilioni litakaa ndani ya kesi, kasha lake la kubebea, chini ya kitanda.

Ushauri wangu ni uangalie maumbo wanayoyaita OM na 000. Tumbo lina upana wa milimita 381, lakini kina ni kama milimita 105 tu, na kiuno kimebana, kwa hiyo linatulia juu ya paja na bega linabaki chini. Tofauti ya OM na 000 iko zaidi kwenye urefu wa uzi kutoka kichwani hadi darajani, kile kibao cha tumboni kinachoshika nyuzi. OM ina milimita 645 sawa na D-28, 000 ina 632. Milimita 13 zinaonekana si kitu, lakini zinapunguza mvutano wa nyuzi, na kidole kidogo kinafika mahali ambapo sasa unakilazimisha. Kwa mkono wako nakupendekezea 000, au 000 ambayo shingo inakutana na boksi kwenye freti ya 12 badala ya 14 (freti ni vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo). Hiyo inalisogeza gitaa zima karibu na mwili, mkono wa kushoto haunyooki sana.

Pima na upana wa shingo pale juu nyuzi zinapopita. Magitaa mengi yana milimita 42.9, mengine 44.5. Kwa anayepiga kwa vidole, 44.5 inampa kila uzi nafasi yake. Mwenda Jean Bosco wa Kongo, ambaye mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi Jadotville (leo Likasi) mwaka 1952, alipiga kwa kidole gumba na cha shahada tu, na kwenye gitaa kavu moja ukasikia besi inatembea na solo inajibu. Sisi wa rhythm tulimsikiliza kwa makini sana. Sauti zake zinasikika mbalimbali, hakuna inayomeza nyingine. Ndicho kitu unachokitafuta wewe, kila uzi useme peke yake, na gitaa dogo lililotengenezwa vizuri linakupa hilo kuliko kubwa lenye kishindo.

Kuhusu mbao, umesema muuzaji anasifia sana rozwudi ya mgongo na mbavu. Rozwudi ni jamii moja na mpingo wetu. Mpingo wa Kilwa na Lindi unakwenda Ulaya kuwa klarineti na obo, na wapo mafundi wa magitaa wanaoutumia kwa mgongo na mbavu. Ukikutana na gitaa la namna hiyo na bei ikawa ndani ya uwezo wako, nitafurahi kweli, maana ni mti wa kwetu na unakua polepole mno. Ila usitoe fedha ya ziada kwa sababu ya mgongo peke yake. Sauti inaanzia usoni. Ule ubao wa mbele wenye tundu, ambao unene wake kwa kawaida haufiki milimita 3 na nusu, ndio unaotikisika. Hakikisha ni ubao mzima wa sprusi, mti wa nchi za baridi, au mwerezi mwekundu wa Marekani, si plaiwudi. Sprusi inavumilia mkono mzito. Mwerezi unaitika kwa mguso mdogo, na kwa kuwa wewe una mkono mwepesi, usikatae kuujaribu. Mgongo wa mahogani unatoa sauti kavu, fupi na safi. Rozwudi inaacha mwangwi nyuma yake. Kwa mapigo yetu ya dansi mimi nachagua mahogani bila kusita.

Na nakshi usizilipie. D-28 na D-45 zote zina uso wa sprusi na mgongo wa rozwudi, lakini D-45 imezungushiwa gamba la kombe linalometameta, na bei inapanda mara kadhaa. Fedha hiyo itakufaa kwenye kulitunza.

Sasa hapa kwenye kulitunza nisome taratibu, maana maelezo mengi yaliyoandikwa juu ya magitaa haya yameandikwa na watu wa nchi za baridi. Wao wanaogopa ukavu wa nyumba zenye vipasha joto. Sisi tunaogopa kinyume chake. Watengenezaji wanataka gitaa la mbao nzima likae kwenye unyevu wa hewa wa asilimia 45 hadi 55. Dar unapita 70 siku nyingi za mwaka, na asubuhi za masika unazidi hapo. Mbao zinavimba kama mlango unaogoma kufunga mwezi wa nne. Uso unatunga tumbo nyuma ya daraja, daraja linainuka, nyuzi zinakwenda juu, na wewe unaanza kusema vidole vimezeeka kumbe ni gitaa limelewa maji. Nakwambia hili kwa sababu nimeona wanafunzi wa rika lako wakiacha gitaa wakidhani umri umewashinda.

Weka rula iliyonyooka juu ya freti, katikati ya shingo, uisukume mpaka ifike darajani. Kwenye gitaa lenye afya ncha ya rula inagusa juu ya ubao wa daraja au inapita kidogo juu yake. Ikigonga chini, kwenye uso wa daraja, shingo imepinda au tumbo limepanda, na matengenezo yake ni makubwa. Kisha pima kimo cha nyuzi kwenye freti ya 12: uzi mnene kama milimita 2.4, mwembamba kati ya 1.6 na 1.8. Kikizidi sana hapo mkono wako utateseka bure.

Nyumbani kwako Mbezi upepo wa bahari unaingia moja kwa moja. Gitaa lisitundikwe ukutani hata kama linapendeza. Likae ndani ya kesi ngumu, kesi ifungwe, na ndani uweke kipima unyevu kidogo pamoja na zile pakiti zinazonyonya na kutoa unyevu zenyewe, au vipakiti vya silika ambavyo utavikausha vikijaa. Usiliweke mbele ya AC, wala usilitoe chumba cha baridi ukalipeleka barazani papo hapo. Usiliache ndani ya gari lililoegeshwa juani hata kwa dakika za kununua mkate. Gundi inalegea kwa joto lile, na daraja likibanduka ni kilio. Nyuzi nunua zilizopakwa utando, maana chumvi ya hapa inakula chuma. Unene, ile namba ya uzi mwembamba kabisa kwenye pakiti, uwe wa 12, na bega likiendelea kuuma shuka hadi 11.

Umesema utakuwa unalibeba Dodoma kikazi, tangu treni ya SGR ianze kufika huko mwaka 2024. Hilo limenipa wasiwasi kuliko yote. Dodoma kiangazi ni kukavu, mbao zinasinyaa, ncha za freti zinajitokeza pembeni na kukwaruza kiganja, na uso unaweza kupasuka. Gitaa linalovimba Dar na kusinyaa Dodoma kila mwezi halitakaa sawa. Ama liache Dar na kule uwe na lile la zamani, ama ukilibeba usifungue kesi ukifika mpaka kesho yake. Yapo magitaa ambayo uso wake umeokwa kwenye joto kali ili mbao zisinywe sana maji. Kama muuzaji analo la aina hiyo katika umbo la 000, liweke mbele ya mengine. Yapo pia ya nyuzi za kaboni yasiyojua masika wala kiangazi. Nimeyasikia, yana sauti nzuri na kwa msafiri yanafaa, lakini kwa gitaa la kuishi nalo moyo wangu uko kwenye mbao.

Ukilishika, usipige wimbo unaoujua. Vidole vitakimbilia mazoea na hutasikia kitu. Piga uzi mmoja mtupu, polepole kabisa, usubiri ufe wenyewe. Piga unaofuata. Halafu panda freti moja moja hadi ya 12 ukisikiliza kama kuna mahali sauti inakatika au inakwaruza. Gitaa la bei ya kawaida ukilipiga kwa upole linasinyaa, sauti inakuwa nyembamba. La hali ya juu ukilipiga kwa upole linabaki limejaa. Hiyo ndiyo tofauti unayoilipia, na sikio lako litaijua bila kuambiwa na mtu.

Kwenye bei, D-28 mpya inapita dola 3,000 kule Marekani, na magitaa ya 000 ya kiwango chake hayako mbali na hapo. Ongeza usafiri, ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 18. Jumuisha vyote kabla hujaahidi. Lililotumika si aibu, mara nyingi limeshafunguka sauti. Suala la vibali vya rozwudi lisikutishe: jamii yote ya miti hiyo iliingizwa kwenye udhibiti wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, mwaka 2017, lakini tangu mwishoni mwa 2019 ala zilizokamilika zimeondolewa masharti hayo, isipokuwa za rozwudi ya Brazil. Hizo za Brazil usiziguse. Na tenga akiba ya fundi, kwa sababu gitaa lolote linaloshuka Dar kutoka nje linahitaji kurekebishwa shingo na kimo cha nyuzi likishazoea hewa, baada ya wiki chache.

Mwambie muuzaji akutumie picha mbili kabla hujalipa hata senti: moja ya rula ikiwa juu ya freti ncha yake ikionekana darajani, na moja iliyopigwa ubavuni ikionyesha uso nyuma ya daraja. Zikifika nitumie nami, nizikuze niziangalie. Mama yako anakusalimu, anauliza wajukuu wanakuja lini.

Baba yako