Maswali yenu kuhusu marabi na masomo ya dini ya watoto wa Kiyahudi baada ya shule

Niliandika kwamba watoto wa Kiyahudi nao wakitoka shule wana masomo yao ya dini na rabi ndiye anayeyasimamia, basi maswali yakamiminika. Nimechukua haya.

Hivi rabi ni kama padri au kama shehe? Kazi yake hasa nini? (Msomaji, Tanga)

Yuko karibu zaidi na shehe, maana rabi hana ukuhani na sala haimsubiri yeye, wakitimia watu wazima kumi sala ya pamoja inasaliwa hata kama rabi yuko safarini (Waorthodoksi, yaani Wayahudi wanaoshika sheria za zamani kwa ukali, wanahesabu wanaume tu, makundi mengine na wanawake wamo). Rabi ni msomi, amekaa miaka anasoma Torati na Talmudi (mkusanyiko mkubwa wa mijadala ya marabi wa kale juu ya sheria na visa) mpaka walimu wake wakamwidhinisha. Kule Marekani mara nyingi waumini wenyewe ndio wanamwajiri, bodi yao inamfanyia intavyuu, wanampa mkataba na mshahara, na wasipoelewana mkataba haurudiwi. Akishaingia ndio basi tena, kuozesha yeye, kuzika yeye, kwenda hospitali kumwona mgonjwa yeye, mke na mume wamegombana wanamjia yeye, mtu anataka kujua chakula fulani kinalika au hakiliki anampigia yeye. Ila kwangu mimi kazi kubwa kuliko zote hizo ni kufundisha, na ukitaka kumjua rabi mzuri nenda umwone akiwa na watoto wa miaka saba, mahubiri ya Jumamosi watu wengi wanayaweza.

Wanawake je, wanaruhusiwa urabi?

Wapo ndiyo. Wa kwanza kuidhinishwa alikuwa Regina Jonas, Ujerumani, 1935, na kazi yake kubwa ilikuwa hiyohiyo ya kufundisha watoto dini mashuleni Berlin. Wanazi walimuua kwenye kambi ya mauaji ya Auschwitz mwaka 1944. Marekani alianza Sally Priesand, 1972. Waorthodoksi wengi hawajakubali mpaka leo.

Hao watoto wanasoma nini hasa? Na utaratibu huo ulianza lini? (Mwalimu, Morogoro)

Mwalimu umeuliza ninapopapenda. Tuanze na zamani, maana Talmudi inalo simulizi lake. Mwanzoni kila baba alikuwa anamfundisha mwanawe mwenyewe, sasa yatima afundishwe na nani? Akawa hasomi. Wakaweka walimu Yerusalemu, lakini anayepelekwa kule ni yule yule mwenye baba, yatima akabaki palepale. Wakaweka walimu kila wilaya, vijana wakawa wanaingia na miaka 16 au 17, mwalimu akimkaripia kijana anaondoka zake. Mpaka akaja kuhani mkuu Yehoshua ben Gamla, karne ya kwanza, kabla Warumi hawajabomoa Hekalu mwaka 70, akaagiza walimu wawekwe kila mji na watoto waanze na miaka sita au saba. Na Talmudi inakwenda mpaka kwenye idadi, mwalimu mmoja watoto 25, wakifika 40 apewe msaidizi, wakiwa 50 wawekwe walimu wawili. Wewe unayeingia darasani leo na watoto 90 utanielewa kwa nini mstari huo unanigusa kila nikiusoma!

Sasa hivi Marekani, mtoto anayesoma shule ya serikali anakwenda sinagogi labda Jumapili asubuhi na jioni moja au mbili katikati ya wiki, kila mara kwa muda wa saa moja na nusu au mbili hivi. Hiyo ya Jumapili ilianzia Philadelphia mwaka 1838, aliianzisha mwanamke, Rebecca Gratz, walimu wake wanawake na masomo bure. Wanaanza na herufi za Kiebrania, 22, zinasomwa kulia kwenda kushoto kama Kiarabu, irabu zinawekwa alama chini na juu ya herufi, mtoto anakwenda hivyo mpaka anaweza kufuata kitabu cha sala mwenyewe. Halafu visa vya Torati, sikukuu na nyimbo zake, na kutoa, yaani kuna kopo la sadaka darasani na watoto wenyewe wanajadili hela iende kwa nani. Ikikaribia miaka 13 (wasichana wengine 12) ndio maandalizi ya bar mitzva (ya mvulana) au bat mitzva (ya msichana), yaani siku mtoto anapohesabiwa mtu mzima katika dini, siku hiyo katika sinagogi nyingi mtoto anasimama mbele ya wote anasoma Torati kwenye gombo lisilo na irabu wala alama za kuimbia, kwa mahadhi yake, kwa hiyo lazima awe ameyajua kabla, na maandalizi yanaweza kuchukua miezi na miezi.

Wanangu wakitoka shule kuna homuweki, kuna tuisheni, madrasa wanafika wanasinzia. Hao wenzetu wanawezaje? (Mama, Dar es Salaam)

Dada yangu, nao wanahangaika vilevile. Malalamiko ya kule ni hayahaya, mtoto kachoka, kuna mazoezi ya mpira muda huohuo, na wengi wakishafanya bar mitzva hawaonekani tena darasani, marabi wanalisema hili kila mwaka na linawauma. Wanaofanikiwa wanampa mtoto kitu cha kula kwanza ndio kitabu kifunguliwe, wanaimba sana, wanapika pamoja mkate wa Shabati (siku yao ya mapumziko, tangu Ijumaa jioni mpaka Jumamosi jioni), na likizo wanawapeleka kambi, huko ndio wanapendana na dini yao kuliko kwenye dawati. Lakini hata rabi awe hodari vipi, saa chache za wiki hazitoshi kama Ijumaa jioni Shabati inapoingia nyumbani hakuna mshumaa uliowashwa wala baraka mezani. Mtoto anaona haraka sana kama anachofundishwa ni cha darasani tu, na hapo naona hata sisi na madrasa zetu na Sunday school zetu tunajidanganya, tunamkabidhi mwalimu mtoto halafu nyumbani kimya.

Afrika Mashariki Wayahudi wapo kweli? (Msomaji, Bukoba)

Wapo. Nairobi ina sinagogi tangu enzi za ukoloni, lakini wewe wa Bukoba nikupeleke jirani, Mbale, Uganda, kwa Abayudaya, ndivyo wanavyoitwa Wayahudi wa huko. Mwaka 1919 Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyekuwa amekosana na Waingereza, aliisoma Biblia akaamua kushika Torati yenyewe, akatahiriwa na wanawe. Baadaye alikutana na mfanyabiashara Myahudi akamfundisha kalenda, sala na kuchinja. Ndivyo jumuiya ilivyokua mpaka Idi Amin alipopiga Uyahudi marufuku, sinagogi zikafungwa, wengi wakahamia dini nyingine, waliokuwa kama 3,000 wakabaki kama 300 wanasali kwa kujificha. Kampala ikakombolewa na majeshi yetu pamoja na wapiganaji wa Uganda tarehe 11 Aprili 1979, na jioni ileile ndio Pasaka ya Kiyahudi ilikuwa inaingia, sikukuu ya kutoka utumwani Misri! Sijui kama wanajeshi wetu kuna aliyelijua hilo.

Waliorudisha uhai miaka ya 1980 walikuwa vijana, na mmoja wao, Gershom Sizomu, mjukuu wa kiongozi wa zamani wa jumuiya, alikwenda kusoma Los Angeles akaidhinishwa kuwa rabi mwaka 2008, akarudi Mbale kufundisha. Mwaka 2016 wananchi wa Bungokho Kaskazini wakamchagua mbunge, na jimbo lile Wayahudi ni wachache mno, kwa hiyo kura zilitoka kwa Wakristo na Waislamu.

Mtoto wa dini nyingine anaweza kusoma kwao?

Masomo ya sinagogi ni ya watoto wao, na Wayahudi hawana desturi ya kutafuta waongofu, ukitaka kuingia watakuuliza maswali mengi kwanza. Shule ya kawaida ni tofauti. Abayudaya wana shule ya msingi Hadassah palepale Mbale, na watoto wa Kiyahudi, Kiislamu na Kikristo wanasoma humo pamoja.